Naim Süleymanoğlu: mwili kilo 60, chuma kilo 190. Siri ilikuwa nini?

#1 Fundi_Zege
Wakuu habari. Jana usingizi uligoma nikajikuta naangalia video ya zamani ya Olimpiki ya Seoul 1988, kunyanyua vitu vizito, uzani wa kilo 60. Anatoka jamaa wa Uturuki mfupi kweli kweli, mita 1.47. Anaitwa Naim Süleymanoğlu. Kwenye snachi anabeba 152.5. Nikasema sawa. Kwenye klini na jeki anabeba 190! Jumla 342.5. Wa pili ni Stefan Topurov wa Bulgaria, 312.5. Kamwacha kilo 30, zaidi ya nusu mfuko wa saruji.

Mimi nina jimu la uani, vyuma vyetu ni makopo ya rangi tumeyajaza zege. Nina kilo 74. Siku niliyopandisha 80 juu ya kichwa niliita majirani waje kushuhudia. Huyu mtu anabeba zaidi ya mara tatu ya mwili wake, anashusha, anatabasamu.

Siri ilikuwa nini? Dawa? Maumbile? Mazoezi? Mwenye kujua ashuke, nimekaa mkao wa kula.

#2 Kirumba_Boy
Dawa. Uzi ufungwe.

#3 Mwl_Fizikia
Kirumba punguza haraka. Nguvu ya msuli inafuata unene wake, yaani ule uso unaouona ukiukata kama gogo. Uzito unafuata ujazo. Ukimkuza mtu mara mbili kila upande, nguvu inapanda mara 4 lakini uzito unapanda mara 8. Ndiyo maana sisimizi anaburuta mzigo unaomzidi mwenyewe, na tembo hawezi kumbeba tembo mwenzake. Ongeza mikono mifupi na mapaja mafupi: chuma kinasafiri njia fupi kutoka sakafuni hadi juu. Jamaa aliumbwa kwa kazi hiyo.

#4 Pweza_Mkavu
Mwalimu, mjomba wangu ana mita 1.45 na ndoo ya maji inamshinda. Hebu tupe na hesabu ya mjomba.

#5 Mwl_Fizikia
Mjomba angepelekwa Bulgaria akiwa na miaka 10 tungezungumza mengine.

#6 Binti_Pangani
Samahani, snachi na hiyo nyingine ndiyo nini? Mimi najua benchi tu.

#7 Fundi_Zege
Dada, snachi chuma kinatoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, huruhusiwi kupumzika njiani. Klini na jeki unakileta kwanza mabegani, unavuta pumzi, ndipo unakisukuma juu. Kila mmoja ana nafasi tatu kwa kila aina, wanachukua kubwa na kubwa wanajumlisha. Benchi ni mchezo mwingine kabisa, na wale wa kutunisha misuli na kujipaka mafuta ni wengine tena.

#8 Mzee_wa_Redio
Wanangu, naona mnaanzia Seoul, mnaacha nusu ya habari.

Naim hakuzaliwa Uturuki. Alizaliwa Januari 1967 kijiji cha Ptichar, upande wa Kardzhali, kusini mwa Bulgaria, katika Waturuki walioishi huko tangu enzi za Waosmani. Alivunja rekodi ya dunia ya watu wazima kabla hajatimiza miaka 17. Mwaka 1984 Wabulgaria wakawafuata Warusi kususia Olimpiki ya Los Angeles, medali ikampita hivi hivi akiwa nyumbani.

Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 serikali ya Bulgaria ikaamua kwamba nchini mwake hakuna Waturuki, ila Wabulgaria waliosahau asili yao. Watu zaidi ya laki nane wakabadilishwa majina kwa nguvu. Kituruki hadharani marufuku. Naim Süleymanov akawa Naum Shalamanov. Bingwa wa dunia wa 1985 na 1986, mashindano yote mawili anaitwa jina ambalo mama yake hakumpa.

Desemba 1986 timu iko Melbourne, Australia, kwa fainali ya Kombe la Dunia la kunyanyua vyuma. Usiku wa karamu akawatoroka walinzi, akafichwa na Waturuki wa huko siku kadhaa, kisha akaingia ubalozi wa Uturuki. Wakampeleka London, na kutoka hapo Waziri Mkuu Turgut Özal akatuma ndege yake kumchukua. Alikuwa na miaka 19.

Kwa hiyo ukiniuliza siri, mimi nasema hasira. Mtu aliyenyang'anywa jina anabeba chuma tofauti na wewe unayebeba ili upendeze ufukweni.

#9 Mama_Mzigo
Mzee shikamoo, nimesoma hadi chai imepoa.

Na mimi niongeze la kwangu. Alipofariki, Novemba 2017, nilikuwa Istanbul, Laleli, nimefuata mzigo wa nguo. Kila duka televisheni inaonyesha jeneza lina bendera. Yupo muuzaji mmoja pale miaka yote hajawahi kunipunguzia hata lira moja. Siku hiyo alipunguza bila kuombwa, macho mekundu. Nikamuuliza nani amekufa, akainua mikono kama anabeba kitu kizito, basi. Nikadhani mbeba mizigo wao wa pale dukani! Nikampa pole ya msiba.

#10 Pweza_Mkavu
😂😂 Mama umempa pole ya hamali.

#11 Kirumba_Boy
Mzee heshima yako, ila hasira hainyanyui kilo 190. Kama ni hasira, wapangaji wote wa Dar tungekuwa na medali.

Halafu kumbe alitoroka kambini. Tofauti yake na yule Mganda wa Tokyo ni ipi?

#12 Kampala_Boda
Wamwonee huruma yule kijana. Julius Ssekitoleko, Julai 2021, na yeye mnyanyua vyuma vilevile. Timu ilikuwa kambi ya Izumisano, wakamwambia hakufuzu, atarudishwa nyumbani. Alikuwa na miaka 20. Aliacha karatasi kwamba maisha Uganda ni magumu, anataka kubaki Japani afanye kazi. Wakamkuta mkoa wa Mie baada ya siku chache, wakamrudisha.

Mmoja alitumiwa ndege ya waziri mkuu. Mwingine alishuka Entebbe akawekwa ndani. Tofauti ndiyo hiyo, rekodi ya dunia mfukoni.

#13 Mwl_Fizikia
Na mmoja alikuwa anakimbia dola inayomfuta jina, mwingine anakimbia umaskini. Siyo kitu kimoja.

#14 Kampala_Boda
Mwalimu umaskini hujaufahamu wewe.

#15 Chebarbar254
Hapo kwa majina ndio pananichekesha. Uturuki ilimlilia Naim kwa sababu Bulgaria ilimpokonya jina, sivyo? Sasa tazama timu yao ya riadha. Paul Kemboi wa hapa kwetu Kenya akawa Polat Kemboi Arıkan, bingwa wa Ulaya mita 10,000 mwaka 2012. Mike Kigen akawa Kaan Kigen Özbilen. Vivian Jemutai ndiye Yasemin Can, dhahabu mbili za Ulaya 2016. Na kabla yao Stephen Cherono alienda Qatar 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen, mwaka uo huo akatuchapa sisi wenyewe kwa kuruka viunzi na maji kule Paris.

Najua, hawa walitia sahihi kwa hiari na wakalipwa. Lakini jina ni jina, jameni.

#16 Mzee_wa_Redio
@Chebarbar254 umenipata pabaya. Sina jibu la haraka.

#17 Fundi_Zege
Wakuu tumeanza na mapaja mafupi tumefika Eldoret. Nimesoma sehemu kwamba Uturuki ilimnunua. Ni kweli au chai?

#18 Kaka_Mhasibu
Siyo chai. Kanuni za Olimpiki wakati ule zilitaka mwanamichezo akibadili nchi asubiri miaka 3, isipokuwa nchi ya zamani ikikubali. Desemba 1986 hadi Septemba 1988 haifiki miaka 2. Uturuki ikailipa Bulgaria ili iridhie. Kiasi kinachotajwa zaidi ni dola milioni moja, wengine wanaandika milioni moja na robo.

Kihasibu Bulgaria iliuza mashine, halafu mashine ikaja kuifunga siku ileile ya maonyesho. Huyo Topurov wa fedha alikuwa wao.

#19 Mzee_wa_Redio
Na Topurov msimdharau. Ndiye binadamu wa kwanza kubeba mara tatu ya mwili wake kwenye klini na jeki, 180 kwa uzani wa kilo 60, mwaka 1983. Naim alikuwa wa pili, mwaka uliofuata. Wote wamepikwa chungu kimoja.

#20 Kirumba_Boy
Na chungu hicho kilikuwa na viungo gani? Seoul hiyohiyo Wabulgaria walinaswa na dawa, timu nzima ikafunga virago. Nawasubiri.

#21 Dada_Famasia
Kirumba yuko sawa kwenye tukio, ila dawa yenyewe tuielewe. Walinaswa Mitko Grablev wa kilo 56 na Angel Genchev wa kilo 67.5, wote walikuwa wameshapewa dhahabu, wakanyang'anywa. Kilichoonekana ni furosemide. Hiyo ndiyo Lasix, ile wanayopewa wagonjwa wa moyo waliojaa maji, unakojoa mpaka unachoka. Haikupi nguvu hata chembe. Kazi yake ni mbili: kupunguza kilo za maji kabla ya kupimwa uzito, na kuongeza maji kwenye mkojo ili vingine visionekane.

Hivyo "vingine" ndiyo swali. Ila Naim hajawahi kutangazwa kukutwa na kitu, si Bulgaria si Uturuki. Hilo nalo liandikwe.

#22 MlaNdizi
Hata bila dawa, mjue jumla yake ya Seoul ilimzidi hadi mshindi wa uzani wa juu yake. Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki alichukua dhahabu ya kilo 67.5 kwa 340. Mdogo kamzidi mkubwa!

#23 Kaka_Mhasibu
MlaNdizi, rudi juu #21. Kunz alipata dhahabu kwa sababu Genchev aliondolewa. Genchev alikuwa amebeba 362.5. Hiyo sifa ya "alimzidi wa juu yake" imepatikana ofisini, siyo jukwaani.

#24 MlaNdizi
Nimekubali. Ila bado Kunz alikuwa mtu mzima wa kilo 67.5 na alizidiwa na mtu wa kilo 60. Hapo hamjanitoa.

#25 Abu_Iskandaria
Salaam. Mkitaka aliyemzidi wa juu yake jukwaani kweli, njooni Afrika. Khadr El Touni wa Misri, Berlin 1936, uzani wa kilo 75. Jumla 387.5. Aliyemfuata 352.5. Na mshindi wa uzani uliofuata, Louis Hostin wa Ufaransa, alibeba 372.5. Hakuna aliyeondolewa. Naim namheshimu, ila 387.5 ni kubwa kuliko 342.5.

#26 Mwl_Fizikia
Abu, hapo umechanganya nazi na maembe. Enzi za El Touni zilikuwa aina tatu za kunyanyua, siyo mbili. Ya tatu, ya kusukuma kutoka mabegani bila kutumia miguu, ilifutwa baada ya Munich 1972 kwa sababu waamuzi walishindwa kuisimamia, watu wanapinda migongo kama upinde. Jumla ya tatu huilinganishi na jumla ya mbili. Lakini kuwazidi wakubwa kwa kilo 15, hiyo nakuvulia kofia.

#27 Abu_Iskandaria
Kofia nimeipokea. Na Sara Samir wetu ana fedha ya Paris 2024, niliona niseme nikiwa hapa.

#28 Jeki_na_Nusu
Nimechelewa uzi. Mimi nafundisha vyuma, niseme la mazoezi maana mmelipita kama basi la usiku.

Bulgaria alikuwepo kocha Ivan Abadjiev. Kabla yake watu wanafanya mazoezi mazito siku moja, mepesi siku mbili, kila wiki mzunguko. Yeye akatupa hayo yote. Snachi, klini na jeki, kuchuchumaa na chuma, basi, karibu hakuna zoezi lingine. Na kila siku unapanda hadi kikomo chako cha siku hiyo, asubuhi, unapumzika kidogo, unarudi tena, mchana, jioni. Imani yake ni kwamba mwili ukikosa njia ya kukwepa utazoea. Wengi hawakuzoea, walivunjika magoti na migongo na majina yao hatuyajui. Waliobaki ndio unaowaona kwenye video.

Kwa hiyo ukiuliza siri ya Naim, mimi nakwambia unamwangalia aliyebaki baada ya chekecheo. Ukichekecha nchi nzima lazima punje moja iwe kubwa.

Na mkuu Fundi, hayo makopo ya zege usiyafanyie snachi. Zege halizunguki na mtaimbo, likija nyuma linakuja na kifundo cha mkono.

#29 Fundi_Zege
Kocha umesema baada ya tukio. Kifundo cha kulia kinauma tangu Jumapili.

#30 Kirumba_Boy
Jeki umeeleza vizuri, ila mwili gani unabeba kikomo mara tatu kwa siku bila msaada wa chupa? Na jibuni hili: 1988 Naim alibeba 190 akiwa uzani wa kilo 60. Olimpiki ya Atlanta 1996 uzani umepanda kuwa kilo 64, na hakuna hata mmoja aliyebeba 190, yeye mwenyewe akiwemo. Mwaka 1993 shirikisho lilibadilisha uzani zote, rekodi za zamani zikafungiwa kabatini. Kwa nini dunia irudi nyuma wakati vipimo vinakuwa vikali? Nimemaliza.

#31 Mwl_Fizikia
Hoja nzuri hiyo, ya kwanza tangu uanze kuandika. Lakini Seoul alikuwa na miaka 21, Atlanta 29. Katikati alistaafu baada ya ubingwa wa dunia wa 1989 akarudi 1991. Na alivuta sigara kama gari moshi.

#32 Binti_Pangani
Sigara?! Bingwa wa dunia?

#33 Mzee_wa_Redio
Sigara binti yangu, na si kwa kujificha. 

Ila hiyo Atlanta msiitaje kama kushuka. Niliisimulia kijiweni miaka hiyo hadi wakanikataza. Upande mmoja wa ukumbi Waturuki, upande mwingine Wagiriki, bendera kwa bendera. Naim na Valerios Leonidis, ambaye naye hakuzaliwa Ugiriki, alitoka Urusi ya kusini kwa Wagiriki wa huko. Snachi: Naim 147.5, Leonidis 145. Klini na jeki: Naim anabeba 185, rekodi ya dunia. Leonidis anakuja na 187.5, rekodi imekufa hata jasho la mwenyewe halijakauka. Wote sasa wana 332.5. Naim anarudi, anaomba ileile 187.5. Anaibeba. 335. Leonidis amebakiwa na nafasi moja, anaandikisha 190, ambayo hakuna mtu wa kilo 64 aliyewahi kuibeba. Hakikukubali.

Dhahabu ya tatu: 1988, 1992, 1996. Hakuna mnyanyua vyuma aliyewahi kufikisha tatu kabla yake. Baadaye wamefika Dimas, Kakiasvilis, Halil Mutlu, na juzi juzi Talakhadze wa Georgia.

#34 Kirumba_Boy
Halil Mutlu naye Mturuki wa kutoka Bulgaria, upande uleule wa Kardzhali. Na 2005 alinaswa na nandrolone, dawa ya kujenga misuli, akafungiwa miaka 2. Nasema tu.

#35 Mama_Mzigo
Wewe kijana huchoki?

#36 Kaka_Mhasibu
Watu wanaisahau Sydney 2000. Alirudi na miaka 33 kutafuta ya nne. Akaanza snachi na 145. Ya kwanza chini, ya pili chini, ya tatu chini. Nje, bila jumla. Angeanza na 135 au 140 angebaki mchezoni. Dhahabu ikaenda kwa Nikolay Peshalov, yuleyule aliyepata fedha nyuma yake Barcelona 1992, safari hii akiwa amevaa jezi ya Kroatia. Na Peshalov naye alikuwa Mbulgaria! Mchezo huu pasipoti zinatembea kuliko vyuma.

#37 Jeki_na_Nusu
Hiyo 145 wengi wanaiita kiburi. Mimi naona alijua hana muda wa kupanda ngazi. Ukishazoea kuanza pale ambapo wenzako wanamalizia, kuanza chini ni kutangaza kwamba umekwisha.

#38 Pweza_Mkavu
Au sigara zilimaliza pumzi. Tusimvishe kanzu kila kosa.

#39 Dada_Famasia
Alikufa kwa ini, akiwa na miaka 50. Alipandikizwa jingine Oktoba 2017, Novemba 18 akaondoka. Kabla Kirumba hajaandika: ini huharibiwa na mambo mengi.

#40 Kirumba_Boy
Sijasema kitu 🤐

#41 Mama_Mzigo
Mzee wa Redio, yule Mgiriki wa Atlanta, kwenye televisheni ya lile duka nilimwona mzungu mmoja mnene ameinama anabusu jeneza, muuzaji ananyoosha kidole kwa nguvu kama anataka nimtambue. Ndiye?

#42 Mzee_wa_Redio
Ndiye Leonidis. Alisafiri kwenda kumzika.

#43 Chebarbar254
Na kaburini wameandika jina gani?

#44 Mzee_wa_Redio
Naim Süleymanoğlu. Makaburi ya Edirnekapı, Istanbul.

#45 Fundi_Zege
Nashukuru wote. Nimekuja na swali moja naondoka na majibu matano yanayopigana: mapaja mafupi, hasira, Abadjiev, chupa, chekecheo. Kesho naanza na mtaimbo mtupu kama kocha alivyosema.

#46 Jeki_na_Nusu
Sikusema mtaimbo mtupu, nasema pumzisha mkono! Fimbo ya ufagio wiki mbili.

#47 Pweza_Mkavu
Majirani waitwe kushuhudia ufagio.